Rilei na stima ndani ya kabati la gemu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanaojitengenezea makabati ya gemu nyumbani hapa Nairobi: mbao za Gikomba, vitufe na jostiki vya kuagizwa, monita ya mtumba, na ndani yake Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja, hapa tunaiita Pi) au kompyuta kuukuu. Maswali mengi yanatoka kwa watu waliofika pale pa kutaka kitufe kimoja kiwashe kila kitu. Majibu yanachukulia kwamba unajua kutumia maltimita. Kama hujui, jifunze hiyo kwanza kabla hujagusa waya wa volti 240.

Rilei inafanya kazi gani hasa humo ndani?

Ni swichi inayobonyezwa na sumaku. Volti 5 zikipita kwenye koili, sumaku inavuta kibati kidogo, ncha mbili zinagusana (ndiyo ile "tk" unayoisikia), na stima ya volti 240 inapita upande wa pili. Pande hizo mbili hazijaunganishwa na waya wowote. Kwa hivyo kitufe anachokishika mtoto kwa mkono wenye jasho kinabeba volti chache tu, na zile 240 zinabaki nyuma ya kabati, ndani ya kisanduku chake.

Kwani swichi ya ekstensheni ina ubaya gani?

Haina. Kama kabati lako ni monita, spika na Pi, na huoni taabu kuinama nyuma kubonyeza swichi, huhitaji rilei. Kinachowaponza watu ni kukata stima ghafla wakati Pi bado inaandika kwenye kadi ya SD. Mara moja huenda usione kitu. Ikiwa mazoea, siku moja kabati litakataa kuwaka na gemu zote ulizozipanga zitakuwa zimeenda. Rilei inakuwezesha kufuata utaratibu: Pi ijifunge kwanza, vingine vifuate.

Ninunue bodi ya rilei moja au ile ya nane?

Moja. Najua ile ya nane inavutia pale kaunta ya Luthuli Avenue, na tofauti ya bei si kubwa. Lakini ukishampa kila mdudu rilei yake, monita kivyake, taa kivyake, feni kivyake, umejiwekea waya kumi na sita za stima ya nyumba ndani ya sanduku la mbao, na kila skrubu ni mahali pengine pa kulegea. Chukua ekstensheni moja nzuri, pitisha waya wake wa laivu (ule wenye stima) kwenye rilei moja, kisha chomeka vifaa vyote humo isipokuwa Pi au kompyuta. Rilei ya pili inaruhusiwa kwa ajili ya spika, na sababu yake iko mbele.

Dukani omba bodi ya volti 5 yenye optokapla (kijenzi kinachopitisha ishara kwa mwanga, bila waya), na kama ipo, yenye kijampa (kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili) cha kuchagua H au L. Kile kidude cha samawati juu yake mara nyingi ni Songle SRD-05VDC-SL-C. Soma maandishi hayo kabla ya kulipa. Iliyoandikwa 12VDC inafanana nayo kila kitu, na ukiipa volti 5 haitabofya. Geuza bodi pia utazame chini: ikiwa njia za shaba zinazotoka kwenye skrubu za stima ni nyembamba kama zile za upande wa pini, irudishe. Nzuri zina njia pana, na nyingine zina mfereji uliokatwa kwenye bodi ili kutenganisha pande mbili.

Imeandikwa 10A 250VAC. Ina maana inabeba wati 2,400?

Kwenye karatasi, ndiyo. Kwenye kabati, usijaribu. Hiyo ampea 10 ni ya mzigo mtulivu, kama koili ya pasi. Adapta, monita na saplai ya kompyuta si watulivu: zinapowashwa, kapasita zilizo ndani ziko tupu na zinavuta mkondo mkubwa mara nyingi kuliko kawaida, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Mvuto huo ndio unaochoma ncha, na siku ukizidi, ncha zinashikana kama zimelehemiwa. Utazima, utasikia kimya, na monita itaendelea kuwaka.

Habari njema ni kwamba kabati la gemu halina njaa kubwa. Monita ya LED ya inchi 24 hula kama wati 20 hadi 40. Chaja rasmi ya Raspberry Pi 4 ni volti 5.1 na ampea 3, yaani wati 15 ikifika mwisho. Ongeza taa za bango na kiamplifaya kidogo, bado uko chini ya wati 150. Gawa kwa volti 240: ni pungufu ya ampea moja. Mimi hizo bodi ndogo sizipi zaidi ya ampea 2 au 3 bila kujali zimeandikwa nini.

Sasa fungua ile plagi ya miguu mitatu uangalie fyuzi. Karibu kila mara utakuta ya ampea 13. Weka ya 3. Waya ikipiga shoti ndani ya MDF (mbao ya unga ulioshindiliwa), unataka fyuzi ikatike kabla mbao hazijapata joto. Kwa mzigo huu waya wa nyuzi tatu wa milimita 0.75 za mraba unatosha.

Nimepata rilei za gari Grogan, zimeandikwa 30A. Si ndizo bora?

Hapana, na hili nalisema bila utani. Rilei ya gari imetengenezwa kwa volti 12. Nafasi kati ya ncha zake, na kizuizi kati ya ncha na koili, havikupimwa kwa volti 240. Inaweza kufanya kazi wiki nzima, kisha siku moja stima ya nyumba irukie upande wa koili, na koili hiyo imeunganishwa na Pi, Pi na vitufe, vitufe na vidole. Iache kwa taa za matatu.

Na zile rilei zisizo na mlio, za elektroniki?

Zina mahali pake, ila kwa kabati naziona kama gharama isiyo na faida. Zikizimwa huvujisha mkondo kidogo, na taa ya LED ya bango inaweza kubaki ikimulika hafifu usiku kucha. Zinapasha joto, kwa hivyo zikibeba mzigo wa maana zinahitaji bati la kupoza. Zikiharibika, mara nyingi huharibika zikiwa zimewaka. Za bei ya chini zilizoandikwa 25A au 40A huwa na kijenzi kidogo ndani kuliko maandishi yanavyodai. Kale kamlio ka "tk" hakajamuudhi mchezaji yeyote ninayemjua.

Fundi, Pi yangu inawasha rilei lakini haiizimi. Bodi ni mbovu?

Bodi ni nzima. Pi inaongea kwa volti 3.3 na bodi inasikiliza kwa volti 5. Bodi nyingi huwaka pini ikiwa chini (volti sifuri) na kuzima pini ikiwa juu (yenye volti). Pi ikipandisha pini, inafika 3.3 tu, na bodi inayotarajia 5 huona bado kuna tofauti ya volti 1.7, ikaendelea kupitisha mkondo.

Dawa inategemea bodi. Ikiwa ina kijampa kilichoandikwa JD-VCC na VCC, kitoe. Peleka volti 5 kwenye JD-VCC kwa ajili ya koili, na volti 3.3 za Pi kwenye VCC kwa ajili ya optokapla. Ikiwa ina kijampa cha H na L, kiweke H, ili pini ikipanda rilei iwake. Ikiwa haina chochote kati ya hivyo, weka transista ndogo kama 2N2222 katikati, na rizista ya kilo-omu 1 kwenye besi yake.

Usichukue rilei tupu, isiyo na bodi, ukaichomeka moja kwa moja kwenye pini ya Pi. Koili ya Songle ya volti 5 hula kama miliampea 70, na pini moja ya Pi haifai kutoa zaidi ya 16. Tena koili ikizimwa hurudisha pigo la volti kali, ndiyo maana kwenye bodi kuna dayodi, kijenzi kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, kando yake.

Kipi kipite kwenye rilei na kipi kisipite?

Pi isipite. Chaja yake ipate stima moja kwa moja, kabla ya rilei. Vingine vyote vipite: monita, taa, feni, amplifaya.

Utaratibu ninaoupenda kwa Pi 3 na Pi 4 ni huu. Kitufe cha kawaida cha gemu kinaunganishwa kati ya GPIO3 (moja ya pini za Pi za kuingiza na kutoa ishara), ambayo ni pini ya 5, na graundi iliyo jirani, pini ya 6. Kwenye faili la mipangilio ya Pi, config.txt, ongeza mstari dtoverlay=gpio-shutdown. Ukibonyeza Pi ikiwa macho, inajifunga kwa adabu; ukibonyeza ikiwa imelala, inaamka. Kitufe kimoja, kazi mbili. Kwa upande wa rilei, andika programu fupi ya Python ukitumia maktaba ya gpiozero, iwashe pini yako mfumo unapoanza, na uifanye huduma ya systemd, yaani ijianzishe yenyewe. Pi inapojifunga, programu inasimamishwa, pini inaachiliwa, na rilei inaachia ekstensheni nzima.

Kuna mtego hapa. Wengi hupata kwenye mtandao mstari wa dtoverlay=gpio-poweroff na kuuweka pamoja na huo wa kwanza. Mstari huo hubadilisha jinsi Pi inavyozimika, na ukiwepo, GPIO3 haiwezi tena kuiamsha. Mtu huzima kabati vizuri, kisha hawezi kuliwasha bila kuchomoa chaja, na lawama zote zinaangukia kitufe.

Natumia kompyuta ya mtumba, sio Pi.

Kwako ni rahisi zaidi. Ndani ya kompyuta kuna zile plagi nyeupe za Molex: waya nyekundu ni volti 5, njano ni 12, na mbili nyeusi ni graundi. Chukua nyekundu na nyeusi, zipeleke kwenye bodi ya rilei kama stima yake, na uifunge pini ya IN (ile ya kuipa bodi amri) ili iwe imewaka daima. Kompyuta ikiwaka, rilei inawaka. Kompyuta ikizima, kila kitu kinazima. Hakuna programu ya kuandika.

Usichukue volti 5 kwenye USB kabla hujapima. Kompyuta nyingi huendelea kulisha USB hata zikiwa zimezimwa, na rilei yako haitaachia kamwe.

Kagua pia monita. Baadhi hurudi zenyewe stima ikirudi, na nyingine husubiri ubonyeze kitufe chao. Jaribu kabla ya kununua: iwashe, chomoa ukutani, chomeka tena. Ile inayobaki na taa nyekundu itakusumbua milele.

Stima ikipotea na kurudi, kabati linawaka lenyewe. Nifanyeje?

Hili ndilo swali la Nairobi hasa. Stima ikirudi mara nyingi hairudi kwa upole. Inaweza kuja, ikatoka, ikaja tena ndani ya dakika moja. Hutaki kabati liwe la kwanza kuipokea.

Kwa kompyuta, ingia kwenye BIOS (mipangilio yake ya msingi) utafute mpangilio wa nini kifanyike stima ikirudi, uchague ibaki imezima. Kwa njia ya Molex hapo juu, hiyo inatosha.

Pi haina uamuzi huo. Ikipata stima inawaka. Hapo unahitaji rilei inayojishikilia, kwa kanuni ile ile ya kitufe cha kijani na chekundu kwenye kinu cha posho. Weka adapta ndogo ya volti 12 kabla ya kila kitu. Tumia rilei mbili za koili ya volti 12, koili zao zikiwa sambamba. Kitufe cha kuwasha kinapeleka volti 12 kwenye koili zote mbili. Ncha za rilei ya kwanza zinaunganishwa sambamba na kitufe hicho, kwa hivyo ukiachia kidole, rilei inaendelea kujilisha yenyewe. Ncha za rilei ya pili ndizo zinazopitisha laivu ya kabati zima, chaja ya Pi ikiwemo. Kitufe cha kuzima, cha aina ya kukata mkondo, kinakaa mfululizo na koili. Stima ikipotea hata kidogo, rilei zinaachia, na hazishiki tena mpaka mtu abonyeze. Kumbuka dayodi kwenye koili, na kumbuka kuifunga Pi kabla ya kubonyeza chekundu.

Kwa nini rilei mbili wakati kuna moja yenye seti mbili za ncha? Kwa sababu sitaki ncha za volti 12 zinazofika kwenye kitufe cha mchezaji zikae kando ya ncha za volti 240 ndani ya kidude kimoja.

Wasiotaka kuunda chochote wanunue kile kifaa cha kulinda friji, kinachosubiri stima itulie dakika chache kabla ya kuiruhusu. Kinafanya kazi vizuri. Subira tu.

Nikate waya upi, laivu au nyutro?

Laivu, ile ya kahawia, au nyekundu kwenye waya za zamani. Iingie COM (ncha ya pamoja), itoke NO (ncha iliyo wazi rilei ikilala). Ukitumia NC (ncha iliyofungwa rilei ikilala), kabati litakuwa limewaka wakati rilei imelala, yaani kinyume cha unachotaka. Samawati ni nyutro, ipite bila kukatwa.

Lakini pima soketi yako kwanza. Kwenye keja nyingi nimekuta laivu na nyutro zimebadilishana ukutani, na athi haipo kabisa, tundu ni la mapambo. Katika soketi kama hiyo rilei yako inakata nyutro, na vifaa vilivyozimwa bado vina laivu ndani. Mwambie mwenye nyumba amlete fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi. Usifungue soketi ya ploti mwenyewe. Na uwe na tabia ya kuchomoa plagi kabla ya kufungua mlango wa nyuma, hata kama kila kitu kimezima.

Ikiwa paneli ya vitufe ni ya bati, kama zile zinazokatwa Kariobangi Light Industries, bati hilo liunganishwe na waya wa athi, kijani na njano, kwa skrubu na washa, rangi ikiwa imekwanguliwa. Mbao haihitaji. Bati linahitaji, hakuna mjadala.

Nina monita ya kioo kizito, ya zamani. Rilei ni ile ile?

Tumia kubwa zaidi. Televisheni na monita za CRT huwa na koili ya kuondoa usumaku inayovuta mkondo mwingi mara tu zikiwashwa, na bodi ndogo itaumia mapema. Tafuta rilei ya ampea 16 au zaidi iliyoandikwa wazi kwamba ni ya 250VAC, au kontakta ndogo. Ikiwa ni monita halisi ya mashine za zamani za gemu, nyingi zilihitaji transfoma ya kutenganisha kati yake na stima ya ukutani. Usiichomeke moja kwa moja. Na kioo hicho hubaki na maelfu ya volti hata baada ya kuzimwa.

Na bodi halisi ya gemu, ya JAMMA?

Mfumo wa JAMMA, wa kuunganisha bodi za mashine za gemu kwa njia moja, ulitoka Japani mwaka 1985, na bodi zake hutumia volti 5 na 12, na nyingine pia volti 5 hasi. Usiweke rilei kwenye ile volti 5. Mkondo wa moja kwa moja (DC) haupiti sifuri, kwa hivyo cheche ya kwenye ncha haizimiki upesi, ilhali stima ya hapa ya hezi 50 hupita sifuri mara 100 kwa sekunde. Halafu kila ncha hupunguza volti kidogo, na bodi hizo hukasirika zikipata 4.8. Kata upande wa 240, kabla ya saplai.

Spika zinatoa "pwaa" kila nikiwasha.

Hapa ndipo rilei ya pili inapostahili. Iwashwe sekunde chache baada ya ya kwanza na izimwe kabla yake. Amplifaya iwe ya mwisho kuamka na ya kwanza kulala. Kwenye programu ya Python ni mistari miwili.

Rilei ikibofya, jostiki inajibonyeza yenyewe.

Waya za vitufe zimefungwa fungu moja na waya za stima. Zitenganishe, zikutane kwa pembe mraba kama hazina budi kukutana. Ikibaki, weka kizima-cheche sambamba na ncha: rizista ya omu 100 mfululizo na kapasita ya maikrofaradi 0.1 iliyoandikwa X2, alama ya zile zinazofaa kwa stima ya nyumba. Kapasita isiyo na X2 haifai hapo.

Bodi ikae wapi?

Ndani ya kisanduku cha plastiki chenye kifuniko cha skrubu, kile cha mafundi wa stima, kikiwa juu na si kwenye sakafu ya kabati. Sakafu ni ya vumbi, maji ya kupigia deki na panya. Waya za stima ziingie kwa kibanio ili mtu akijikwaa kwenye waya asing'oe skrubu za rilei. Usibandike bodi tupu kwenye MDF kwa gundi ya moto.

Naweza kutumia rilei kuuza muda kwa sarafu?

Kipokea sarafu hutoa ishara ndogo ambayo Pi au Arduino (bodi ndogo ya kuprogramu) inaweza kuhesabu. Kifundishe sarafu zote mbili, za zamani na hizi za wanyama zilizotoka Desemba 2018, maana zote ziko mifukoni. Muda ukiisha, acha programu isimamishe gemu. Usikate stima ya monita katikati ya raundi, utagombana na wateja. Ukiweka kabati dukani, lionekane wazi kuwa ni la kucheza na halilipi mshindi. Mashine za kamari zisizo na leseni hunaswa, na anayekuja kunasa hatasoma msimbo wako.

Itanipunguzia tokeni?

Kidogo mno. Monita iliyolala hula chini ya wati moja, na koili ya rilei yenyewe hula karibu theluthi moja ya wati muda wote ikiwa imeshika. Kama tokeni zinaisha haraka, anza na ile hita ya bafuni.